Doa la Bibi Mkunga

Wifi yangu hawezi kuingia jikoni kwa mtu bila kumwaga maji. Simsingizii. Anasalimia, anavua viatu, anatoa kijichupa chake chenye mdomo mwembamba, na kabla mwenye nyumba hajamaliza kusema karibu, tayari kuna matone sita juu ya kaunta, yamepangwa mstari kutoka kwenye jiko hadi kwenye sinki. Kisha anavuta kiti, anatazama saa na kukaa kimya. Ndiyo maana watu wanamwita Matone.

Kazi yake ni kutunza kaunta za granaiti majumbani. Watu hudhani jiwe ni jiwe tu, likishawekwa limewekwa. Kumbe lina vinyweleo kama ngozi, na mafuta au chai ikikaa juu yake huzama humo taratibu. Kuna dawa inayopakwa kuviziba. Tone likikaa robo saa na kubaki limesimama vilevile, jiwe bado limeshiba dawa, na Wifi anamwambia mwenye nyumba amwite tena mwakani. Tone likiacha alama nyeusi, jiwe lina kiu. Hapo ndipo ninapoingia mimi, mbeba ndoo.

Mimi ni dada wa mumewe. Kiwanda nilichokuwa nikishona kilipofungwa, Wifi aliniambia nimsaidie kazi, nami nikakubali kwa sharti moja: asiniulize maswali tukiwa njiani. Sharti hilo hajalitimiza hata siku moja. Mbona yule ana kufuli mbili kwenye lango moja? Mbona paka wa hapa hanywi maji ya bakuli lake? Alianza maisha kwa kuchemsha chai kwenye karakana ya mawe, na fundi mkuu wa pale alichoka kujibu hadi akaona heri amfundishe kazi yote apate amani. "Kuuliza si ujinga," Wifi hupenda kusema. Mimi humjibu kwamba kwake yeye si ujinga, ni maradhi.

Lakini nikubali, maradhi yake yana faida. Akiinama juu ya kaunta anakusomea nyumba nzima. "Mama wa hapa anatumia mkono wa kushoto," ananinong'oneza, kwa sababu alama za chupa ya mafuta ziko kushoto kwa jiko. "Na hapa kuna mtu anasafisha kwa ndimu," kwa sababu dawa imelika kuanzia kwenye sinki, na mwenye nyumba anaangalia chini kwa aibu. Hataki kusikia ndimu wala siki. Ni kitambaa laini, maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya vyombo, basi. Kwake mwenyewe anakatia vitunguu kwenye ubao uliofunikwa nailoni ya maua. Mganga hajigangi.

Sasa, Bibi Mkunga.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye barabara inayopanda, yenye lango la kijani na ngazi tatu. Jiko lilikuwa jembamba, dirisha juu ya sinki, na kaunta ya kijivu yenye chembe nyeusi ilienda ukuta mzima. Kwenye rafu kulikuwa na mizani ya kupimia watoto wachanga, ambayo siku hizi ilipima unga. Bibi alizalisha kwa miaka thelathini na minane, na hakuwa amesahau uzito wa mtoto hata mmoja. Siku tuliyofika mara ya kwanza, mleta gesi aliingia akiwa ameubeba mtungi begani, jitu la kujaza mlango. Bibi akamtazama, akasema, "Kilo mbili na nusu. Ulitanguliza mguu." Yule jitu akacheka kwa aibu na kuushusha mtungi polepole.

Aliyetuita hakuwa Bibi, alikuwa binti yake, afisa wa bima. Kazi ya binti ni kukagua hasara: nyumba iliyoungua, gari lililogongwa, anatazama, anapiga picha, anaamua. Na mama yake alimpa cha kukagua. Mwanzoni mwa mwaka Bibi aliacha sufuria motoni akaenda kulala. Moshi ulijaa nyumba, majirani wakagonga mlango kwa mawe. Tangu hapo binti alitaka mama ahamie kwake, kwenye fleti ghorofa ya nne, na nyumba ipangishwe. Bibi alisema nyumba yake atatoka amebebwa. Wakavutana hadi wakafikia mapatano: miezi mitatu. Bibi asiposahau kitu kingine chochote ndani ya miezi hiyo, atabaki kwake na neno hilo halitarudiwa. Akisahau, anahama. Binti alikuwa anakuja kila Jumapili na simu yake, akipiga picha ya hiki na kile. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, na mtu wa bima akiogopa hukusanya ushahidi.

Tulipaka dawa siku hiyo, tukasubiri dakika kumi, tukaifuta yote kabla haijakauka, maana ikikaukia juu inaacha utando kama pumzi kwenye kioo. Jiwe likatoka safi. Wiki tatu baadaye tukaitwa. Kulikuwa na doa jeusi la unyevu kulia kwa bomba, ukubwa wa kiganja.

"Sijamwaga kitu," alisema Bibi kabla hatujamuuliza.

Wifi alilikausha kwa mashine ya kukaushia nywele, asubuhi nzima, akapaka dawa tena, safari hii mikono miwili, mpako juu ya mpako. Doa likarudi. Mara ya tatu tulienda Jumapili, na binti alikuwepo. Doa lilikuwa limenenepa. Wifi akaweka matone juu yake, tukasubiri robo saa, yakasimama imara kama shanga. Alikuwa bado ameinama akiyashangaa pale binti aliposema, kwa upole kabisa, "Labda dawa yako ni mbovu, fundi?"

Mtukane Wifi sura, mtukane ukoo wake ambao mimi mwenyewe nautukana kila siku, atacheka. Lakini dawa yake usiiguse. Akanyooka.

"Dada, dawa yangu imeshika. Tazama matone mwenyewe. Kama hapa kuna maji, basi kuna mtu anaacha kikombe kimelowa na kusahau."

Binti akasema, "Asante, fundi." Bibi Mkunga aliangalia mikono yake, akaigeuza upande mmoja, akaigeuza upande wa pili, kama mtu anayekagua kama kweli ni ya kwake.

Njiani Wifi hakuniuliza swali hata moja. Hapo nikajua neno lile linamsumbua.

Siku kumi zikapita. Jumatano jioni tulikuwa nyumbani kwa Wifi tukiosha vyombo vya chakula, mumewe, yaani kaka yangu, akisinzia mbele ya redio, simu ikalia. Alikuwa binti wa Bibi. Doa limezidi, akasema, na mama anahama Jumamosi. "Ulinisaidia kuamua, fundi. Nilikuwa naona ni mimi tu ninayemwonea."

Wifi akaweka simu mezani, akarudi kwenye karai. Nikashindwa kujizuia. Nina hasira za karibu, hata mama yangu alijua.

"Ulimi hauna mfupa," nikamwambia. "Umemtoa mtu kwenye nyumba yake kwa ajili ya kichupa cha dawa."

"Nilisema nilichokiona."

"Ulikiona kikombe? Wapi? Na hicho kikombe kina maji gani, ya kutoboa dawa ya mikono miwili? Au ni tindikali anakunywa yule bibi?"

Nilikuwa natukana tu. Lakini Wifi aliacha kusugua, povu likimtiririka viwikoni.

"Rudia."

"Nirudie nini? Nimesema ni tindikali—"

"La kabla ya hilo." Akakaa kwenye kiti na mikono yake yenye povu. "Wifi. Kama dawa imeshika, maji ya kikombe hayaingii. Kama maji ya kikombe yameingia, dawa haikushika. Mimi nimesema yote mawili kwa pumzi moja." Akanitazama kwa macho makubwa. "Yametoka wapi basi?"

Siku mbili zilizofuata hapakukalika naye. Alimwaga maji kwenye ubao, kwenye sakafu, kwenye kipande cha tofali. Kipande cha tofali alikisimamisha kwenye sahani yenye maji na kukikodolea macho wakati sisi tunakula. Kaka akaniuliza mkewe ana nini. Nikamwambia ana tofali.

Jumamosi asubuhi tulikuta lango la kijani liko wazi. Sebuleni kulikuwa na maboksi, binti akifunga sahani kwenye magazeti. Bibi Mkunga alikaa kwenye kochi, amevaa viatu vya safari, mkoba magotini. Alitusalimia kama mgeni anavyosalimia wageni wengine.

Wifi hakutoa kijichupa. "Dada," alimwambia binti, "nimekuja kurudisha neno langu. Lile la kikombe. Halisimami."

Binti alikuwa amechoka, ungemwona tu. Akatoa simu. "Fundi, picha hizi hapa. Jumapili ile. Jumapili iliyofuata. Hii ya jana. Linakua."

"Ndilo linalonishangaza," Wifi akasema, na akaingia jikoni.

Alisimama mbele ya sinki muda mrefu. Akakigusa kifuto cha vyombo. Kilikuwa kikavu, kigumu kama mkate wa juzi. Akapitisha kidole kwenye kichanja cha kuanikia sahani, kikatoka na vumbi. Hapo maradhi yake yakampanda.

"Bibi," akaita, "unaoshea wapi vyombo?"

Sauti ikatoka sebuleni. "Nje. Kwenye karai."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema."

Tukarudi sebuleni. Bibi alikuwa akiongea na mkoba wake, si na sisi. "Nilisema kama ni mimi, basi nikae mbali na jiwe nione. Chai nachemsha, nainywea barazani. Maji ya kunywa nayaweka chumbani, kwenye chupa yenye kifuniko. Hilo sinki sijaligusa siku kumi na tatu." Akaushika mkoba. "Na doa likazidi. Basi nikajua mambo yangu yameharibika kuliko hata mlivyodhani. Nikajua naamka naingia jikoni, namwaga maji, narudi kulala, na sijui. Ndiyo maana sikubishana. Nimefunga nguo zangu mwenyewe."

Nimeona watu wakilia misibani, sijawahi kuumia vile. Binti alisimama na sahani mkononi, nusu imefungwa gazeti.

Wifi peke yake uso wake ulikuwa umewaka. "Siku kumi na tatu hakuna tone juu," alisema, karibu kwa kunong'ona. "Basi yako chini. Bibi, jiwe linakunywa kwa tumbo!"

Tukafungua kabati la chini ya sinki. Bibi naye akasimama mlangoni. "Toeni kila kitu," alisema. "Mficha uchi hazai." Tukatoa sufuria, ndoo, sabuni, mfuko wa mifuko. Wifi akalala chali na tochi mdomoni, nusu ndani, nusu nje. Sakafu ya kabati ilikuwa kavu. Mabomba makavu. Kila mahali pakavu. Nyuma ya bakuli la sinki, pale bomba linapopita kwenye jiwe, kulikuwa na upenyo mwembamba, na mkono wa Wifi ulikwama kwenye kiwiko. Nikajaribu wangu. Ukakwama kabla hata ya wake, naye, ingawa alikuwa amelala chali, hakukosa nafasi ya kunikumbusha ni nani hula mara mbili.

"Hebu tokeni," akasema Bibi Mkunga.

Aliweka mkoba wake juu ya mizani ya watoto. Akapandisha mikono ya gauni, akapiga magoti kwa hatua, goti moja, kisha la pili, akakataa kushikwa. "Mnatafuta kwa macho. Nimetafuta vitu maisha yangu yote, na vingi havikuwa vya kuonekana." Akafumba macho, akaingiza mkono. Ulikuwa mwembamba, ukapita hadi begani.

"Mbao hapa kavu," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, ya mtu aliyerudi kazini. "Kavu. Kavu. Hapa inaanza ubaridi. Hapa imevimba... laini, kama mkate uliochovywa. Naenda juu. Kuna mpira wa bomba. Kuna nati." Akaizungushia vidole. "Hii hapa. Hii ndiyo inayolia."

"Inadondoka?" Wifi alikuwa amepiga magoti kando yake, kichwa kwa kichwa.

"Haidondoki. Inatoka jasho. Na mbao inalinywa lote."

Alipotoa mkono, ncha za vidole zilikuwa zimelowa, na weusi wa mbao iliyooza umeganda kwenye kucha. Aliunyoosha kuelekea kwa binti yake, naye binti akaushika, na weusi wake, na maji yake, hakuufuta.

Baadaye kidogo binti akapiga magoti mwenyewe, akapenyeza simu kwenye ule upenyo, akapiga picha bila kuona anachopiga. Tukaitazama sote. Plaiwudi iliyobeba jiwe ilikuwa imevimba, nati inang'aa, na chini yake kitone kimening'inia, kidogo, hakina haraka.

"Mama," binti akasema, "kwa nini hukuniambia unaoshea nje?"

"Ungepiga picha."

Hapo akalia, hadharani, bila kujificha, mtu mzima, afisa mzima wa bima. Wifi akasema makosa si ya Bibi wala ya binti, ni yake. Zamani jiwe lilikuwa linapumua. Unyevu ulipanda na kukaukia juu bila mtu kuuona. Yeye ndiye aliyeliziba mdomo, mara ya kwanza, mara ya pili, na kila alipopaka dawa alilifungia maji zaidi ndani. Alitibu doa kwa kilekile kilicholileta. "Na nilipoulizwa, nikamtaja mtu," alisema. "Sikuuliza. Mimi, ninayeuliza hadi paka." Akamwomba Bibi msamaha kwa magoti yote mawili, ingawa kwa haki yalikuwa chini tayari.

Bibi akamwambia ainuke, ana kazi ya kurudisha masufuria.

Fundi bomba alibadilisha ule mpira alasiri ileile, na kipande cha plaiwudi kilichooza kikakatwa. Jiwe Wifi hakuligusa. Alisema liachwe lipumue kwa tumbo, na lilichukua wiki tano kukauka. Bibi alimpigia simu kila siku kumpa habari zake: leo limerudi nyuma nusu kidole, leo limebaki kama sarafu, leo sijui kama naliona au nalikumbuka tu.

Tulirudi Jumapili ya mwisho ya miezi mitatu. Wifi alivua viatu, akasalimia, na kabla ya kutoa kijichupa alipiga magoti akaingiza mkono chini ya kaunta. Siku hizi anafanya hivyo kila nyumba, na mimi nabeba ndoo na aibu. Kisha akaweka matone yake sita, akavuta kiti. Kaunta ilikuwa ya kijivu kutoka ukuta hadi ukuta.

Wakati tunasubiri, binti aliweka simu mbele ya mama yake. "Futa mwenyewe," alisema. Bibi akavaa miwani. Alifuta picha za doa, moja baada ya nyingine, akiuliza kila mara ni wapi pa kubonyeza. Akafuta ya dirisha lililosahauliwa wazi, ambalo alisema hakulisahau, alilitaka wazi. Kisha ikatokea sufuria, nyeusi tii, juu ya jiko, ukuta wa nyuma umejaa masizi. Binti akanyoosha kidole chake haraka kuifuta.

Bibi Mkunga akaushika mkono wake.

"Hiyo iache," alisema. "Hiyo ni yangu."

Wakabaki hivyo, mkono juu ya mkono, hadi Wifi aliposema robo saa imetimia. Tukainama sote kutazama. Matone yalikuwa yamesimama. Bibi akayafuta kwa kiganja, akachukua birika na kwenda kwenye sinki, akafungua bomba.

"Nani anakunywa chai?" akauliza.